Kuzuia Ndege Ndogo Isipitilize Mwisho wa Njia: Mwongozo kwa Rubani Mwanafunzi

Ndege ndogo ya mafunzo inapopitiliza mwisho wa njia ya kurukia na kuishia kwenye majani, mtaroni au kwenye ua wa uwanja, watu huanza kwa kuuliza habari za breki. Mara nyingi breki hazina hatia. Kosa huwa limekwisha kutendeka nusu dakika kabla, ndege ikiwa bado hewani: mwendo umezidi, kimo kimezidi, upepo unasukuma kutoka nyuma, na mwanafunzi anaendelea kushuka kwa sababu hakuamua mapema ni mahali gani angeachana na kutua huko. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo yanayofanywa kabla magurudumu hayajagusa ardhi, na mengine hufanywa hata kabla injini haijawashwa.

Mifano imetolewa kwa ndege aina ya Cessna 172S, ambayo hutumika sana kufundishia, na kwa mwinuko wa uwanja wa Wilson jijini Nairobi, ulio futi 5,536 juu ya usawa wa bahari. Anayejifunzia Cessna 152 au Piper Warrior achukue tarakimu kwenye kitabu cha ndege yake. Mpangilio wa hatua haubadiliki. Pale ambapo mkufunzi wako au kitabu cha ndege kinaelekeza vingine, fuata maelekezo hayo.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya urefu ukiwa bado mezani

Kitabu cha 172S kinaeleza kwamba kwenye usawa wa bahari, katika joto la nyuzi 15, ndege yenye uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa, yaani pauni 2,550 au kilo 1,157, ikipita kimo cha futi 50 kwa mwendo wa noti 61 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), huhitaji futi 1,335 hadi isimame. Hizo ni mita 407, na kati yake mita 175 tu ndizo za kukimbia ardhini. Mwanafunzi anayesoma tarakimu hizo kisha akatazama njia ya Wilson yenye takriban mita 1,500 huona kwamba ana nafasi ya kufanya kila kosa analotaka, na hapo ndipo mazoea mabaya huanzia.

Soma masharti yaliyoandikwa juu ya jedwali. Tarakimu hizo zinadai njia ya lami iliyo kavu na tambarare, upepo usiokuwepo kabisa, flapu (vibao vya ukingo wa nyuma wa mabawa) zilizoshushwa hadi nyuzi 30, nguvu ya injini iliyoondolewa yote kwenye futi 50, na breki zilizokanyagwa kwa nguvu yote. Zilipatikana kwa ndege mpya iliyorushwa na rubani wa majaribio. Ndege ya shule yenye matairi yaliyolika, ikirushwa na mtu mwenye saa 20 za mafunzo, haiwezi kuzifikia, na hakuna aibu katika kulikubali hilo.

Sasa chukua mfano wa uwanja wa majani ulio katika mwinuko unaolingana na wa Nairobi, saa nane mchana, joto likiwa nyuzi 25. Kwa hali hiyo jedwali hutoa umbali unaokaribia futi 1,600, yaani mita 490 hivi. Mfuko wa upepo unaonyesha upepo wa nyuma wa noti 4, ambao wengi hawauhesabu kuwa upepo. Kitabu kinaagiza kuongeza asilimia 10 kwa kila noti 2 za upepo wa nyuma, hadi kufikia noti 10, hivyo mita 490 zinakuwa 588. Majani makavu nayo yanaongeza asilimia 45 ya umbali wa kukimbia ardhini, na kwa hali hii ongezeko hilo ni zaidi kidogo ya mita 100. Umefika takriban mita 700, na hujafanya kosa lolote la urushaji.

Hatua ya mwisho ya hesabu ndiyo inayorukwa zaidi. Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza hupendekeza kwamba rubani wa ndege ndogo, baada ya kuongeza yote hayo, azidishe jibu lake la kutua kwa 1.43 na lile la kupaa kwa 1.33, ili kufidia uchakavu wa ndege na upungufu wa rubani wa kawaida. Mita 700 zikizidishwa kwa 1.43 zinakuwa mita 1,000. Ndege ile ile iliyoonekana kutosheka na mita 407 inahitaji kilomita nzima, na ikiwa uwanja una mita 800, jibu lako linapaswa kutolewa ukiwa umekaa kwenye kiti, nalo ni kwamba hutatua hapo kwa upepo huo.

Yapo mambo mengine ambayo jedwali la 172S halikupi. Mamlaka hiyo hiyo huongeza asilimia 35 kwa majani yaliyolowa, na huonya kwamba majani mafupi sana yaliyolowa, hasa juu ya udongo mgumu, yanaweza kuongeza hadi asilimia 60. Njia inayoteremka kwa asilimia 2 huongeza asilimia 10. Ikiwa flapu zimekataa kushuka, kitabu cha 172S kinaagiza kuongeza mwendo wa kukaribia kwa noti 9 na kukadiria umbali ulioongezeka kwa asilimia 35. Andika tarakimu hii ya mwisho kwenye karatasi unayoibeba mapajani, kwa sababu siku utakayoihitaji hutakuwa na nafasi ya kufungua kitabu.

Hatua ya 2: Weka alama ya mwisho ya kugusa ardhi

Hesabu ya hatua ya kwanza haina faida ikiwa itabaki kwenye karatasi. Igeuze iwe kitu kinachoonekana kwa macho ukiwa hewani.

Kanuni inayofundishwa mahali pengi ni kwamba magurudumu yaguse ndani ya theluthi ya kwanza ya njia, la sivyo kutua kughairiwe. Kwa Wilson theluthi hiyo ni kama mita 500. Ni kanuni nzuri, lakini kwenye uwanja mfupi haitoshi peke yake. Ongeza hesabu nyingine inayoanzia mwisho wa njia kurudi nyuma: chukua umbali wa kukimbia ardhini uliokwisha kuurekebisha kwa upepo na aina ya ardhi, uzidishe kwa 1.43, kisha uupime kutoka ukingo wa mbali. Kati ya theluthi na alama hiyo, ile iliyo karibu zaidi na kizingiti cha njia, yaani mwanzo wake, ndiyo alama yako.

Kisha itafutie kitu. Kwenye uwanja wa lami inaweza kuwa makutano ya njia ya kupitia ndege au ubao wa namba. Kwenye viwanja vya porini, kama vile vya Mara au Serengeti, kingo nyingi huonyeshwa kwa mawe au matairi yaliyopakwa chokaa. Hesabu ni jiwe la ngapi. Kama uwanja ni mgeni kwako na hauna alama yoyote, pita juu yake kwa kimo salama kabla ya kujiunga na mzunguko wa ndege zinazojiandaa kutua, tazama kama kuna wanyama, na uchague mti au kibanda kilicho pembeni. Kila unapoingia fainali, yaani mstari wa mwisho wa kuikaribia njia, sema kwa sauti: «Nisipokuwa nimegusa kufikia pale, naghairi.» Ukiwa na mkufunzi, mwambie yeye, ukiwa peke yako, sema hivyo hivyo. Inaonekana kama mchezo wa kitoto, lakini mtu aliyejisikia akiitaja alama hupata shida zaidi kuipita kimya kimya.

Hatua ya 3: Hakiki upepo mara mbili

Hakiki mara ya kwanza kabla ya kujiunga na mzunguko na mara ya pili ukiwa fainali. Kumbuka kwamba upepo wa mbele na wa nyuma havina uzito sawa: noti 9 za upepo wa mbele hukupunguzia asilimia 10 ya umbali, ilhali noti 2 tu za upepo wa nyuma hukuongezea asilimia hiyo hiyo. Wanaoruka pwani wana msaada wa misimu, kwa kuwa kusi na kaskazi hueleweka mapema, na kwenye njia kama ya Zanzibar inayoelekea kaskazini na kusini, 18 na 36, msimu wenyewe hudokeza upande wa kutua. Hata hivyo upepo unaovuma kutoka baharini huweza kugeuza mambo mchana, na miezi ya kubadilika kwa misimu haiaminiki. Mfuko wa upepo unaouona sasa una haki kuliko taarifa uliyopewa dakika 20 zilizopita.

Hatua ya 4: Tengeneza fainali iliyotulia, au usiitumie

Hapa ndipo ajali nyingi za kupitiliza njia hupikwa. Mwanafunzi amegeuka kuingia fainali akiwa juu mno. Anaona njia iko chini ya pua. Anasukuma pua kuielekea. Ndege inashuka, naam, lakini inashuka kwa kubadilisha kimo kuwa mwendo, na sasa ana noti 75 mahali alipotakiwa kuwa na 61 au 65. Tatizo la kimo limekwisha na la mwendo limezaliwa, na mwendo ndio mbaya zaidi kati ya hayo mawili, kwa sababu nishati ya ndege hukua kwa mraba wa mwendo. Asilimia 10 ya mwendo wa ziada ni asilimia 21 ya nishati ambayo lazima itoke mahali fulani kabla ndege haijasimama.

Dawa ya kimo kilichozidi ni kupunguza nguvu ya injini na kuongeza flapu huku mwendo ukishikiliwa palepale. Ikiwa nguvu imekwisha kuondolewa yote, flapu zimeshuka zote, na bado uko juu, basi hakuna kilichobaki cha kupunguza, zunguka upya.

Tumia lango la futi 300 juu ya ardhi. Ndege inapopita kimo hicho, mambo manne yawe yametimia: mwendo usiwe chini ya ule uliokusudiwa wala usiuzidi kwa zaidi ya noti 5, ndege iwe kwenye mstari wa katikati, flapu za kutua ziwe zimewekwa, na orodha ya ukaguzi wa kutua iwe imekamilika. Likikosekana moja, ghairi. Shule nyingine huweka lango hilo juu zaidi, na hakuna ubaya wowote.

Ili kujua unakoelekea, tazama sehemu moja ya njia kupitia kioo cha mbele, kwa mfano namba kubwa zilizopakwa kwenye kizingiti. Mwendo ukiwa thabiti, sehemu unayoielekea hubaki imetulia kiooni, haipandi wala haishuki, ila inakua tu. Namba zikianza kuteleza kuelekea chini, zikikaribia kujificha nyuma ya pua, utapita juu yake na kutua mbali. Zikipanda kiooni, utafika chini kabla yake. Jizoeze kuliona hili kutoka futi 400, kwa sababu kasoro inayogunduliwa huko husahihishwa kwa sentimita chache za mkono wa nguvu (wenzo wa nguvu ya injini), na inayogunduliwa kwenye futi 50 haisahihishwi tena.

Jihadhari na macho yako mwenyewe katika hali tatu. Njia inayoteremka kutoka kizingitini humfanya rubani ajione yuko chini, naye hujipandisha na kupita juu mno. Vivyo hivyo njia pana kuliko aliyoizoea. Ya tatu inawahusu hasa wanaojifunza katika nyanda za juu. Siku ya nyuzi 25 katika mwinuko wa Nairobi, hewa ni nyepesi kama ile ambayo kwa kawaida hupatikana futi 8,000. Kipimo kikionyesha noti 61, ndege hukata hewa kwa karibu noti 69, na nishati yake ni karibu robo juu ya ile ambayo ingekuwa nayo Dar es Salaam au Mombasa. Ardhi huonekana ikikimbia. Usimsikilize anayekuambia uongeze noti chache kwa ajili ya mwinuko, na usipunguze mwendo kwa sababu ya kinachoonekana dirishani: kipimo kinaonyesha kile ambacho mabawa yanakihisi, na mwendo sahihi wa kukaribia kwenye kipimo ni ule ule wa pwani. Kinachobadilika ni urefu wa njia utakaoutumia.

Kuna jambo moja zaidi ambalo wanafunzi mara nyingi hawaambiwi siku wanapoachiwa kuruka peke yao. Mkufunzi mwenye kilo 80 akishuka, ndege huwa nyepesi. Hupanda haraka, hivyo hufikia kimo cha mzunguko mapema kuliko ulivyozoea, na mwendo ambao mabawa yanaishiwa mnyanyuko hushuka kwa asilimia 4 hivi. Ukikaribia kwa mwendo ule ule mliotumia mkiwa wawili, umejiongezea zaidi kidogo ya noti 2 bila kujua, na ndege itaelea kuliko asubuhi hiyo. Mwombe mkufunzi akupe kabla ya siku hiyo mwendo wa kukaribia wa ndege nyepesi, na umwache auandike.

Hatua ya 5: Kutoka futi 50 hadi kugusa

Punguza nguvu yote, inua pua taratibu, na uache mwendo ufe wenyewe huku ndege ikiwa karibu na ardhi. Karibu na ardhi hewa hubeba mabawa kirahisi zaidi, ndiyo maana ndege yenye mwendo wa ziada hukataa kutua na kuendelea kuelea. Noti 65 ni mita 33 kwa kila sekunde. Kila unapohesabu moja, mbili, tatu, njia ya urefu wa uwanja wa mpira imekwisha kupita chini yako.

Inapoelea, usiilazimishe chini kwa kusukuma usukani. Kusukuma huangusha gurudumu la pua kwanza, ndege inaruka, mwanafunzi anasukuma tena, nayo inaruka juu zaidi. Kwa kawaida mruko wa tatu ndio unaovunja mguu wa pua au kupiga rafadha ardhini. Subiri tu, macho yakiwa upande wa mbali wa njia, huku ukiifuatilia alama yako.

Hatua ya 6: Ghairi kutua ukifika alama yako

Alama imefika na magurudumu hayajagusa: hii si nafasi ya kufikiri upya. Wanafunzi wengi waliopitiliza njia walikuwa na muda wa kutosha wa kupaa tena na hawakuutumia. Wengine huona haya kwa sababu mnara na wenzao wanatazama, wengine wamechoka na wanataka tu kushuka, na wengine, kwa maoni yangu ndio wengi, walifundishwa kughairi kama adhabu ya kutua vibaya. Mkufunzi anayesema «umeharibu, zunguka tena» kwa ukali anamjengea mwanafunzi sababu ya kung'ang'ania njia siku atakapokuwa peke yake.

Utaratibu katika 172S ni huu. Sukuma mkono wa nguvu hadi mwisho kwa mwendo mmoja laini, na papo hapo kanyaga pedali ya kulia, kwa kuwa pua itavutwa kushoto. Zuia pua isipande ovyo: ndege iliyorekebishwa kwa ajili ya kushuka ikiwa na flapu zote itanyanyua pua kwa nguvu mara injini inapoamka, na utalazimika kuusukuma usukani kwa nguvu kuliko unavyotarajia. Rudisha flapu hadi nyuzi 20 mara moja. Shikilia noti 60. Ndege ikianza kupanda, rudisha flapu hadi 10, na uzimalizie ukiwa umepita vikwazo, ukiwa na kimo salama na noti 65 au zaidi. Kuzirudisha zote kwa mkupuo mmoja karibu na ardhi ni kujinyima mnyanyuko wakati unapouhitaji, na ndege itazama. Katika ndege zenye kabureta, kama Cessna 152, zima joto la kabureta (hewa moto inayozuia barafu) pamoja na kusukuma mkono wa nguvu. Mnara usubiri, redio hushikwa baada ya ndege kupanda.

Kwa viwanja vya mwinuko ongeza jambo moja kwenye ukaguzi wako wa kabla ya kutua. Agizo la kuweka mchanganyiko wa mafuta katika hali ya utajiri kamili linafaa pwani. Kwenye futi 5,500 injini hupewa mafuta mengi kuliko hewa iliyopo, na ukisukuma mkono wa nguvu itakohoa na kutoa nguvu pungufu. Mwulize mkufunzi wako mahali mchanganyiko unapopaswa kukaa wakati wa kukaribia uwanja wenu, ili siku ya kughairi uwe na injini nzima.

Alama hiyo ina maana nyingine pia. Ukishagusa kabla yake, ukaanza kukanyaga breki, umechagua kusimama. Kubadili nia mita 200 baadaye na kujaribu kupaa tena, flapu zikiwa zimeshuka na mwendo ukiwa umekwisha kupotea, ni namna ya kugeuza ajali ndogo ya majani kuwa ajali kubwa ya miti.

Hatua ya 7: Breki

Magurudumu makuu yakigusa, shusha lile la pua kwa upole, kisha kanyaga breki kwa usawa huku ukivuta usukani nyuma kabisa, ili uzito ulalie magurudumu makuu. Kwenye njia fupi kitabu cha 172S huelekeza pia kurudisha flapu mara magurudumu yote yakiwa chini, kwa sababu mabawa yenye flapu bado yanabeba sehemu ya uzito ambao breki zinauhitaji. Shule nyingi hukataza mwanafunzi kugusa wenzo wowote kabla hajatoka njiani, wakihofia siku atakayoruka ndege ya magurudumu yanayokunjwa akakunja magurudumu badala ya flapu. Hofu hiyo ina msingi. Kwenye njia ya mita 1,500 nawaunga mkono. Kwenye uwanja mfupi fanya kama kitabu kinavyosema, ila tu ikiwa umelifanyia mazoezi.

Tairi lililofungwa na kuburuzwa husimamisha ndege vibaya kuliko linaloendelea kuzunguka, na linaweza kupasuka. Ukilisikia likipiga kelele au ndege ikivuta upande mmoja, legeza kidogo kisha kanyaga tena. Kwenye maji yaliyotuama hatari ni tairi kuteleza juu ya maji bila kugusa lami. Kadirio linalotumika ni kuzidisha kipeuo cha pili cha shinikizo la tairi, likipimwa kwa pauni kwa inchi ya mraba, kwa 9: tairi la pauni 36 huanza kuteleza kwenye noti 54 hivi, mwendo usiopishana sana na ule wa kugusa. Baada ya mvua kubwa ya masika, subiri maji yakauke.

Hatua ya 8: Ukiona mwisho unakuja na huwezi kusimama

Chagua kutoka njiani kwa mwendo mdogo kadiri iwezekanavyo. Nguvu ya kugonga hufuata ule ule mraba: kugonga kitu kwa noti 60 ni mara 16 ya kukigonga kwa noti 15. Endelea kukanyaga breki na kuelekeza ndege kwa pedali. Vuta mchanganyiko hadi injini izimike, zima magneto (mitambo ya cheche za injini), funga mafuta, zima swichi kuu ya umeme, na ufungue komeo la mlango usije ukabanwa. Kama mbele kuna kikwazo, pitisha mwili wa ndege pembeni yake na uache bawa lipigwe. Ndege ikisimama, toka uende mbali, upande unakotoka upepo, na umhesabu kila aliyekuwa ndani.

Usiisogeze ndege kabla ya kuruhusiwa, isipokuwa kwa kuokoa mtu. Toa taarifa kwa shule na kwa mamlaka ya uchunguzi wa ajali za ndege ya nchi uliyopo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago kinasema wazi kwamba lengo la uchunguzi huo ni kuzuia ajali nyingine, si kutafuta wa kulaumiwa, kwa hiyo eleza mwendo, upepo na mahali ulipogusa kama ulivyoviona.

Njia hupitilizwa wakati wa kupaa pia

Mzigo mzito, joto la mchana na majani marefu huiweka ndege katika hali ya kukimbia bila kunyanyuka hadi njia iishe. Kipimo rahisi ni hiki: ndege iwe imefikia asilimia 70 ya mwendo wa kunyanyukia kabla haijafika nusu ya njia. Kwa 172S inayonyanyuka kwenye noti 55, hiyo ni noti 39 hivi. Kanuni hiyo hudhani kwamba njia iliyobaki inatosha pia kusimama na kwamba mbele hakuna miti, hivyo hesabu ya mezani yenye kuzidisha kwa 1.33 bado inahitajika. Tafuta alama ya nusu kabla ya kuondoka, na ukiifikia bila mwendo huo, ondoa nguvu yote, kanyaga breki, na urudi maegeshoni kupunguza abiria au kusubiri jioni.

Mazoezi ya kuomba kabla ya kuruka peke yako

Mwombe mkufunzi siku moja ya kughairi tu: mara moja kutoka futi 300, mara nyingine kutoka futi 50, na mara nyingine ndege ikiwa imekwisha kuanza kuelea, pasipo kukuonya ni ipi inakuja. Omba pia kutua bila flapu, na kutua mahali ambapo amekutajia jiwe au mstari wa kugusa, naye aandike kila mara uligusa mita ngapi kabla au baada yake. Ikiwa uwanja wenu ni mrefu, mwambie autangaze mwisho wa kubuni katikati ya njia na akutaarifu kila unapoupita. Mpaka utakapoweza kuukwepa mwisho huo wa kubuni mara kadhaa mfululizo, upepo ukiwa wa kawaida, hakuna sababu ya kukubali safari ya peke yako kwenda uwanja wa mita 800.